Akili mnemba imeingia ofisini, kazi haiendi: kutafuta chanzo dalili kwa dalili

Mwongozo huu ni wa meneja, katibu, mhasibu au mtu wa mifumo katika taasisi ya hapa Tanga ambayo imeshalipia mfumo wa akili mnemba, umeshafungwa, watu wameshapewa semina, na bado kazi haiendi. Iwe ni chama cha akiba na mikopo pale Ngamiani, wakala wa forodha karibu na bandari, zahanati, kituo cha kukusanya maziwa au shamba la mkonge njia ya Korogwe, dalili zinafanana kuliko watu wanavyodhani. Nitaanza na dalili, kisha chanzo, kisha namna ya kuhakikisha kabla hujabadilisha kitu.

Msimamo wangu nauweka wazi mapema. Mara nyingi ugonjwa haupo kwenye mfumo mpya. Upo kwenye leja, kwenye utaratibu wa kazi, au kwenye swali la nani anawajibika, na umekuwepo miaka mingi. Karani mzoefu alikuwa akiufunika kwa kumbukumbu yake. Mashine haina kumbukumbu hiyo, kwa hiyo inauanika.

Kwanza pata makosa yenyewe

"Haifanyi kazi" haitoshi kuwa dalili. Kabla hujampigia simu aliyewauzia, waombe wanaoutumia mfumo wakuletee majibu mabaya kama yalivyotoka: swali lililoulizwa, jibu lililokuja, jibu lililotakiwa, na jina la mtu anayelijua jibu hilo. Thelathini yanatosha kuanzia. Yaandike kwenye Excel au kwenye kaunta buku, kisha yapange kwa mafungu. Fungu kubwa ndilo la kuanza nalo.

Kuna ofisi ambako zoezi hili hukwama kwenye safu ya tatu: hakuna anayeweza kusema jibu sahihi lilipaswa kuwa lipi. Mmoja anasema faini ya kuchelewesha rejesho inaanza siku ya saba, mwingine anasema ya kumi na nne, mwenyekiti anasema inategemea. Ukifika hapo simama. Kanuni haijaandikwa, na hakuna programu itakayoitunga kwa niaba ya bodi. Itisheni kikao, mwandike kanuni, ndipo mrudi kwenye kompyuta.

Dalili: jibu limenyooka, Kiswahili safi, ila ni la nchi nyingine

Afisa utumishi anauliza likizo ya mwaka ni siku ngapi. Anaambiwa siku 21 za kazi. Kwa Kenya ni sawa. Tanzania Bara, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi siku 28 mfululizo, sikukuu zinazoangukia humo zikihesabiwa. Barua ikishatoka na siku 21, mtu amedhulumiwa na ofisi imejitafutia kesi.

Wakala wa forodha naye anauliza nambari ya HS (nambari ya kupanga bidhaa kwa ajili ya ushuru) ya vipuri vya pampu, anapewa nambari ya tarakimu 10 inayofanana kabisa na ya kweli. Tarakimu 6 za mwanzo ni za dunia nzima, zimewekwa na Shirika la Forodha Duniani. Zinazofuata kila nchi au jumuiya hujiwekea zake. Ushuru wa pamoja wa Jumuiya ya Afrika Mashariki unatumia tarakimu 8. Zenye 10 hutumika kwingine, kwa mfano Marekani. Ukiona 10, jibu limetoka mbali.

Chanzo: modeli, yaani programu zinazoendesha mifumo hii, zimefundishwa kwa maandishi ya intaneti, na humo Kiswahili ni kichache, sheria za Tanzania zilizoandikwa kwa Kiswahili ni chache zaidi. Isipokuwa na jibu haikai kimya. Inaendeleza maneno yanayoelekea kufuatana, na sauti yake haibadiliki. Mwaka 2023 huko New York, katika kesi ya Mata dhidi ya Avianca, mawakili walipeleka mahakamani hukumu zilizobuniwa na ChatGPT na wakatozwa faini ya dola 5,000. Walikuwa wanasheria, na walidanganyika kwa sababu maandishi yalionekana ya kisheria.

Namna ya kuhakikisha ni rahisi. Uliza swali lile lile mara mbili: kwanza peke yake, halafu ukiwa umeambatanisha kifungu chenyewe cha sheria au waraka. Jibu la pili likiwa sahihi, mfumo ni mzima, ila haujapewa nyaraka zenu. Mwambie fundi aufunge ujibu kutoka kwenye nyaraka hizo tu, kila jibu litaje waraka na kifungu, na uruhusiwe kusema haujui na kumtaja mtu wa kuulizwa. Ruhusa hiyo ya mwisho wengi huisahau.

Na kama hata ukiwa na nyaraka bado unakosea? Fungua faili la PDF, jaribu kunakili sentensi moja kwa kipanya. Ikigoma kushikika, hilo ni picha ya karatasi iliyopitishwa kwenye skana, na mfumo pengine haujasoma hata neno moja. Nyaraka nyingi za maofisi yetu ni kopi ya kopi, muhuri wa bluu umekaa juu ya tarehe. Zichape upya zile zinazotumika kila siku. Ukiwa hapo, ondoa matoleo ya zamani, kwa maana mfumo uliopewa waraka wa zamani na ule ulioufuta utachota popote.

Dalili: mwanachama yupo kaunta, mfumo unasema hayupo

Hapa nitakaa zaidi, kwa sababu ndipo watu wanapoumia.

Bibi anafika kaunta na kitabu chake cha akiba kimefungwa kwenye pindo la kanga. Karani kijana anamwamkia, shikamoo bibi, marahaba mwanangu, anaandika jina kwenye msaidizi mpya wa kutafuta taarifa, kisha anainua macho.

"Bibi, huku hisa zako hazionekani."

"Hazionekani vipi? Mimi naweka tangu ofisi yenu iko Barabara ya 8."

Karani anarudia, jibu ni lile lile. Bibi anaondoka akiamini ameibiwa, na kabla ya magharibi mtaa mzima umeshapata habari.

Hisa zipo. Zimekaa chini ya jina la baba yake, Athumani, na kitambulisho cha bibi kinasema Othman. Ukanda huu jina moja lina sura nyingi: Hadija na Khadija, Mwanaidi na Mwanahidi, Ramadhani na Ramadhan. Leja ya kwanza iliandikwa kwa jinsi karani alivyosikia. Ya pili ilinakiliwa kutoka ya kwanza. Aliyeingiza kwenye Excel akafupisha jina la kati kuwa herufi moja ili safu itoshe. Wapo walioandikishwa kwa jina la mume, wapo ambao chama kizima kinawajua kwa jina la mtoto wa kwanza, wapo waliofariki na akaunti inaendelezwa na binti, na wapo watu watatu tofauti wenye majina matatu yale yale kutoka kata moja. Karani wa zamani aliwajua wote kwa sura. Sasa amestaafu, na ujuzi wake ameondoka nao kichwani.

Shambani kila mtu anajua kwamba jani la mkonge likikatwa likaachwa juani siku nyingi, korona, ile mashine ya kuchambua mkonge, hata iwe mpya haitoi singa nzuri. Kumbukumbu za ofisi ni hivyo hivyo.

Kupima: chukua vitabu 50 vya wanachama bila kuchagua, ulinganishe na kilichomo kwenye mfumo. Angalia jina, tarehe ya kuzaliwa, simu na salio, kila kimoja peke yake. Hesabu vinavyopishana. Tazama pia tarehe za kuzaliwa zote kwa pamoja. Ukikuta 1 Januari imejaa kupita kiasi, ujue kila aliyekosa tarehe alipachikwa hiyo. Simu nazo zipigie chache, maana laini nyingi zilishahamia kwa wajukuu, na ujumbe wa salio unasomwa na asiyehusika.

Tiba haina njia ya mkato. Kila mwanachama atambulike kwa namba, jina libaki kuwa maelezo tu. Namba ya NIDA yenye tarakimu 20 ndiyo nguzo bora, na tarakimu zake nane za mwanzo ni tarehe ya kuzaliwa, kwa hiyo inasaidia kukagua hiyo safu ya 1 Januari. Kwa asiyenayo, tumieni namba ya uanachama. Akili mnemba yenyewe ni hodari wa kupendekeza majina yanayoelekea kuwa ya mtu mmoja, itumieni kwa hilo. Lakini kuunganisha akaunti kufanywe na watu wawili, leja ikiwa mezani, na mwenye akaunti ameitwa. Muuzaji akisema mfumo wake utaunganisha wenyewe kila panapofanana kwa asilimia fulani, mkatalieni. Salio la mtu likihamia kwa mwingine, kulirudisha ni kazi ya mkaguzi na pengine ya polisi.

Na mwiteni yule karani aliyestaafu. Mlipeni posho ya heshima, akae na vijana hadi leja ziishe. Kwa maoni yangu hakuna fedha katika mradi mzima itakayorudi haraka kama hiyo.

Dalili: wateja wanakuja saa ambayo ofisi imefungwa

Zahanati imeandika kwenye ukuta: daktari wa macho, Jumanne, saa 3 asubuhi. Mfumo wa kujibu ujumbe wa WhatsApp unamwandikia mgonjwa "saa 9:00". Mgonjwa, mtu wa Pangani aliyelipa nauli, anafika saa tisa alasiri na daktari ameshaondoka. Au kinyume chake: ratiba imeingizwa kama 3:00 na ujumbe wa kumkumbusha unatumwa usiku wa manane.

Chanzo ni kwamba modeli imezoea saa inayohesabiwa toka katikati ya usiku, na sisi tunahesabu toka alfajiri. Wakati mwingine inabadilisha, wakati mwingine haibadilishi, na huwezi kujua lini. Usiiachie kazi hiyo. Saa zihifadhiwe kwenye mfumo kwa mtindo wa saa 24, na programu ya kawaida, yenye kanuni ya kuondoa au kuongeza sita, ndiyo iandike "saa 3 asubuhi" kwenye ujumbe. Neno asubuhi, mchana, jioni au usiku lisikosekane kamwe. Jaribu pia "usiku wa kuamkia Ijumaa" na "kesho kutwa" kabla ya kuufungulia umma.

Msifikiri kosa la mfumo ni la mfumo peke yake. Februari 2024 baraza la usuluhishi la British Columbia, Kanada, liliamua kwamba shirika la ndege la Air Canada linawajibika kwa maelezo yasiyo sahihi ambayo mfumo wake wa mazungumzo ulimpa abiria kuhusu nauli ya msiba. Shirika lilijitetea kwamba mfumo ule unajitegemea, likashindwa.

Dalili: makadirio yalikuwa mazuri mwaka jana, mwaka huu yamepotea

Anayeuza maziwa, tende au unga amefundisha mfumo kwa mauzo ya nyuma ili umwambie aagize kiasi gani. Mwaka wa kwanza unasifiwa. Mwaka wa pili maziwa yanaganda ghalani wiki mbili na wiki nyingine hayatoshi.

Angalia kalenda. Mwezi wa Ramadhani huwahi kwa takriban siku 11 kila mwaka wa kalenda ya kawaida. Mwaka 2023 mfungo ulianza mwishoni mwa Machi, mwaka 2025 mwanzoni mwa Machi. Mfumo uliofundishwa kwa miezi ya Januari hadi Desemba unangojea wateja pale walipokuwa mwaka jana. Uongezewe safu ya mfungo, Idi, Maulidi, kufungua na kufunga shule, na mvua za masika na vuli, kwani barabara ikiharibika Lushoto au Muheza bidhaa hazishuki hata kama wanunuzi wapo. Data ya mwaka mmoja haitoshi kufundisha lolote kati ya haya. Ikiwa mnayo ya mwaka mmoja tu, mkadirie kwa mkono mkisaidiwa na mauzo ya nyuma, na mwendelee kuandika.

Dalili: hakuna anayeutumia, lakini barua zote zimeanza kufanana

Mfumo mlionunua umelala. Wakati huo huo kila barua inayotoka ofisini inaanza kwa maneno yale yale laini, na ripoti ya mtu aliyekuwa akiandika kurasa mbili sasa ina tisa. Maana yake watu wanatumia akili mnemba, ila ile ya bure iliyopo kwenye simu zao.

Hili ni jambo zito kuliko linavyoonekana. Kinachobandikwa humo ni orodha ya wadaiwa, matokeo ya maabara, mishahara. Mwaka 2023 wahandisi wa Samsung walibandika msimbo wa siri wa programu za kampuni kwenye ChatGPT na kampuni ikalazimika kuizuia. Kwetu kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika 1 Mei 2023, na Tume yake ipo. Inataka anayekusanya na kuchakata taarifa za watu asajiliwe, na imeweka masharti ya kuzipeleka nje ya nchi. Karani anayebandika majina ya wagonjwa kwenye programu ambayo kompyuta zake ziko ng'ambo ameshazipeleka nje, hata kama kiti chake kiko Chumbageni.

Usianze na onyo. Ukitoa onyo kwanza, watajificha zaidi na hutajua lolote. Kaa na kila mmoja umuulize anaitumia kwa kazi gani, na kwa nini haitumii ile ya ofisi. Majibu huwa ya kawaida sana: ya ofisi iko kwenye kompyuta moja chumba cha meneja, nywila anayo mtu aliye likizo, inaelewa Kiingereza tu, au ameambiwa ikizoeleka yeye atapunguzwa. Hofu hiyo ya mwisho ijibiwe na uongozi kwa maneno wazi na, ikiwezekana, kwa maandishi. Mfanyakazi anayeamini anaufundisha mfumo utakaomfukuza hataufundisha vizuri, na simlaumu.

Baada ya hapo andikeni ukurasa mmoja, kwa Kiswahili, unaosema nini hakibandikwi kamwe: jina kamili, namba ya NIDA, simu, salio, ugonjwa, mshahara. Ubandikeni ukutani.

Dalili: mikopo inakataliwa kwa watu wale wale

Mfumo wa kupima waombaji unawakataa mama lishe, wauza samaki na vijana wa bodaboda, na kuwapitisha walimu na watumishi. Hakuna aliyeuagiza hivyo. Umefundishwa kwa mikopo ya zamani, ambayo ilitolewa kwa wenye hati ya mshahara au hati ya nyumba, ukajifunza kwamba hao ndio wakopaji wazuri. Wengine hawana historia kwa sababu hawakuwahi kukopeshwa. Amazon waliacha mfumo wa kuchagua waombaji kazi kwa sababu kama hiyo, ulikuwa ukiwashusha wanawake. Habari hiyo ilitoka mwaka 2018.

Pima kwa kutenganisha maombi ya miezi michache kwa jinsia, aina ya shughuli na kata, uone asilimia ya waliopita kila kundi. Tofauti ikiwa kubwa, rudisheni uamuzi kwa kamati ya mikopo na mfumo ubaki kupanga karatasi. Aliyekataliwa ana haki ya kujua sababu na kusikilizwa na binadamu. Sheria ile ile ya 2022 inagusa maamuzi yanayofanywa na mitambo peke yake.

Dalili: jaribio haliishi

Miezi inapita, mradi bado unaitwa wa majaribio, na watu wanafanya kazi mara mbili: kwenye mfumo, kisha kwenye daftari "kwa usalama". Hapa vyanzo ni viwili tu. Hakuna mtu mmoja mwenye mradi, na hakuna aliyepima kazi ilichukua muda gani kabla. Bila kipimo cha awali hamtajua kama mmesonga. Rudini nyuma: pimeni leo dakika za kuandaa ankara moja au kujibu ujumbe mmoja kwa mkono, na mara ngapi hukosewa. Teueni mtu, mpeni tarehe, na mpeni ruhusa ya kusema mradi usitishwe. Kazi ndogo moja iliyokamilika, mfano kupanga risiti za mwezi, ni bora kuliko ndoto ya ofisi nzima.

Dalili: ankara inapanda, au kila kitu kinasimama

Bei ya huduma hizi nyingi hutozwa kwa dola na kwa vipande vya maneno, na neno la Kiswahili lenye viambishi vingi hukatwa vipande zaidi kuliko la Kiingereza. Onyesho la muuzaji likifanywa kwa Kiingereza, bajeti itadanganya. Dai onyesho lifanyike kwa ujumbe wenu halisi, uliofutwa majina, na gharama ihesabiwe kutoka hapo. Wekeni kikomo cha matumizi ya mwezi.

Kuhusu mtandao, 12 Mei 2024 hitilafu kwenye nyaya za baharini za EASSy na Seacom ilidhoofisha intaneti Tanzania na majirani kwa siku kadhaa. Umeme nao mnaujua. Kaunta iwe na fomu za karatasi zenye safu zile zile za kwenye mfumo, kwa mpangilio ule ule, na ijulikane nani ataziingiza mtandao ukirudi na nani atazihakiki. Fanyeni zoezi hilo siku ya kawaida, mchana, kwa kuzima ruta kwa makusudi kwa saa moja, na andikeni kila kilichokwama.